Kuku Aliyeitwa Malawi

Kuku huyo nilimnunua Soko la Mgandini, hapa Tanga, mwanzoni mwa Juni, kutoka kwenye tenga lililokuwa na kuku wengine wanane wa rangi mbalimbali. Alikuwa mweusi, mwenye manyoya yaliyong'aa ukijani kila alipogeuka juani, na muuzaji alimnyanyua kwa mabawa, akanihakikishia kabla sijauliza: "Huyu ni Malawi, dada yangu, Malawi kabisa. Kwa mayai hutanilaumu." Nililipa, nikamtia kwenye kikapu nyuma ya baiskeli, nikarudi naye Makorora. Shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye banda na mwenye kauli ya mwisho juu ya kila kinachokula pumba nyumbani kwetu, alimfunga mguu na kuishikiza kamba kwenye mpapai, akasema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwamba tangu azaliwe yeye alijua Malawi ni nchi.

Shangazi alikuwa na haki yake, ila muuzaji naye hakulibuni jina hilo. Wafugaji wengi wa Tanzania wakitaja Malawi humaanisha Black Australorp, kuku mweusi aliyezalishwa Australia kutokana na kuku weusi wa Orpington waliopelekwa huko kutoka Uingereza. Orpington ni mji uliokuwa wa Kent, leo ukiwa ndani ya London, na kuku wa jina hilo walianzishwa na mfugaji William Cook mwaka 1886. Baadaye Malawi iliwasambaza Australorp kwa wanavijiji wake, na kwa kuwa kituo kilichojulikana sana kwa kazi hiyo kilikuwa Mikolongwe, huko kwenyewe wakaitwa Mikolongwe. Hivyo kuku yule yule ana jina la mji wa Kiingereza, jina lenye kipande cha Australia ndani yake, jina la kituo cha mifugo, na sokoni kwetu jina la nchi jirani aliyopitia. Mambo kama haya hayapaswi kumshangaza mtu wa Tanga. Mkonge uliojenga mji huu, ambao mbegu zake zililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kupitia Florida, huitwa na wageni "sisal" kwa sababu ulikuwa ukisafirishwa kutoka bandari ya Sisal huko Yucatán, wala asili ya mmea haiko bandarini. Leghorn naye, kuku mweupe mashuhuri kwa mayai meupe, amebeba jina la bandari ya Livorno ya Italia. Jina la aina ya kuku mara nyingi hukuambia alipakiwa wapi, na ukitaka kujua damu yake itakubidi umtazame mwenyewe.

Kumtazama kulikuwa na sababu. Australorp halisi ana sifa ya kutaga ambayo haikutoka hewani: katika mashindano ya miaka 1922 na 1923 huko Australia, kuku sita wa aina hiyo walitaga mayai 1,857 kwa siku 365, yaani wastani wa mayai 309 na nusu kwa kila mmoja, na bila taa za kuongeza mwanga bandani. Mimi nilikuwa nimelipa bei ya kuku wa namna hiyo. Kama nilichopewa ni kuku wa kijijini aliyezaliwa mweusi kwa bahati, nilitaka nijue, hata kama fedha isingerudi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sisi wenyewe tuna majina mengi ya kuku, na karibu yote ni majina ya alama moja ya mwili. Kishingo ni kuku asiye na manyoya shingoni. Kidimu ni yule ambaye manyoya yake yamejikunja na kusimama kama ametoka kwenye upepo wa kusi. Kuku wa kishungi ana fundo la manyoya kichwani. Kishingo anaweza kuwa mwekundu, mweupe au wa madoa ya kanga, anaweza kuwa mkubwa au mdogo, na bado akabaki kishingo, kwa sababu jina linataja kitu kimoja tu alichorithi. Kuchi peke yake ndiye anayekaribia kuwa aina kwa maana kamili: mrefu, mzito, mwenye miguu mirefu na upanga mdogo uliolala kichwani, mgomvi kiasi kwamba kwenye pwani hii, hasa upande wa Lamu, watu wamemfuga kwa ajili ya kupiganisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walipowachambua kuku wa kienyeji wa nchi hii, Kuchi walimweka katika kundi lake, pamoja na makundi mengine kama Ching'wekwe, Singamagazi na yale waliyoyapa majina ya Mbeya na Morogoro. Kuku wengi wanaochakura nyuma ya nyumba za Makorora, Mabawa na Ngamiani hawamo katika kundi lolote kati ya hayo, na ukimuuliza mwenyewe ni wa aina gani atakujibu "wa kienyeji" kwa sauti ya mtu aliyemaliza mazungumzo.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Aina, kwa maana wanayoitumia wafugaji, ni ukoo unaozaa wanaofanana nao: ukimkutanisha jogoo na tetea wa aina moja, vifaranga watakuwa wa sura ile ile, mwaka baada ya mwaka. Kuroiler wa asili ya India na Sasso wa Ufaransa, ambao siku hizi wanauzwa mikoa mingi ya Tanzania, ni chotara walioundwa kwa mpango, na watoto wao hawatoki kama wazazi. Hivyo mtu anayeniletea picha ya tetea wake wa rangi tatu na kuniomba nitaje aina yake, huenda ananiomba jina lisilokuwepo. Ninachoweza kumtajia kwa uhakika ni alama alizorithi, na kila alama inajibu swali lake tofauti.

Nilianza na yai, kwa kuwa yai ndilo kila mtu huliamini. Siku ya nne kuku yule alitaga. Lilikuwa la kahawia ya wastani, na mizani ya kupimia unga wa maandazi ilionyesha gramu 56. Mayai ya tetea wetu wa kienyeji yana gramu arobaini na kitu, na rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ukubwa huo peke yake ulinitosha kuona kwamba ndani yake kuna damu iliyochaguliwa kwa ajili ya kutaga, hata kama si yote.

Rangi ilihitaji subira zaidi. Ganda la yai la kahawia huanza likiwa jeupe. Yai hutumia takriban siku moja na kidogo kushuka kutoka kwenye ovari hadi nje, na sehemu kubwa ya muda huo, kama saa 20, linakaa kwenye tezi ya ganda likijengewa chokaa. Kuku wa mayai ya kahawia huongeza rangi iitwayo protoporfirini mwishoni mwa kazi hiyo, kwa hiyo kahawia hukaa juu juu kama chokaa iliyopakwa kwenye ukuta wa nyumba. Nilijaribu jikoni: nililitia yai la kahawia kwenye siki kwa dakika chache, nikalisugua kwa kitambaa, rangi ikatoka na kuacha ganda lililopauka. Tangu siku hiyo nalitazama kwa jicho jingine trei la mayai meupe-meupe linalouzwa kwa bei ya kienyeji, hasa likiwa na mayai makubwa yanayolingana kama yaliyotoka kwenye kalibu moja, nikishuku kwamba ni ya kahawia yaliyosuguliwa kwa siki. Njia rahisi zaidi ya kuona kwamba kahawia ni ya juu tu ni kuvunja yai na kuchungulia ndani ya ganda, kwani yai la kahawia ndani huwa jeupe. Lile la bluu, analotaga Araucana wa Chile na jamaa zake, ni bluu nje na ndani, maana rangi yake, biliverdini, huingia tangu ganda linapoanza kujengwa. Kijani ni bluu iliyopakwa kahawia juu, basi.

(Mpwa wangu aliwahi kuja mbio na yai lenye ukijani alilolitoa kwenye kiota cha tetea wetu, na kwa nusu saa nzima mimi na yeye tulikuwa wamiliki wa Araucana wa kwanza Makorora. Shangazi alilishika, akaligeuza mara moja, akauliza kama hatujawahi kuona yai la bata. Bata wa jirani walikuwa wakiingia bandani kwetu kutaga.)

Wazee wa ufugaji husema ukitaka kujua rangi ya yai kabla halijatagwa, mtazame kuku ndewe za masikio, zile nyama ndogo zilizo chini ya tundu la sikio. Ndewe nyeupe, yai jeupe. Ndewe nyekundu, yai la kahawia. Kwa kuku wa nchi za Mediterania, kama Leghorn, Ancona na Minorca, kanuni hiyo inashika vizuri. Lakini Dorking wa Uingereza ana ndewe nyekundu na hutaga mayai meupe, na Penedesenca wa Hispania ana ndewe nyeupe na hutaga mayai ya kahawia iliyoiva kabisa. Kwa kuku waliochanganyika, alama hizi mbili huachana kirahisi, kwani hazirithiwi kama kitu kimoja, na tetea wetu mmoja wa kienyeji ana ndewe zenye mabaka meupe na mekundu kama ramani. Rangi ya manyoya ndiyo haina neno kabisa katika suala hili: Plymouth Rock mweupe pe hutaga mayai ya kahawia, na Leghorn wa rangi ya udongo hutaga meupe. Kiini nacho hakisemi chochote juu ya aina, kwa kuwa unjano wake hutokana na majani na mahindi ya njano aliyokula kuku.

Hata kivuli cha kahawia si cha kutegemea sana. Kuku mmoja hubaki na rangi yake ya msingi maisha yote, lakini hupauka kadiri anavyoendelea kutaga bila kupumzika, na joto, hofu au ugonjwa kama kideri vinaweza kumfanya atage mayai yaliyopauka ghafla. Kwa hiyo yai la Malawi wangu liliniambia mambo mawili tu: ana asili ya kuku wa mayai ya kahawia, na asili hiyo imepita mikononi mwa watu wanaopima uzito wa yai. Australorp alifaa, lakini kuku wengine kumi nao walifaa.

Nikarudi kwenye mwili. Upanga ulikuwa mmoja, uliosimama, wenye meno, kama Australorp anavyotakiwa kuwa, ila upanga wa namna hiyo ndio wa kawaida kuliko yote duniani. Miguu ilikuwa ya kijivu cheusi. Macho yaliniudhi kidogo, maana Australorp halisi ana macho meusi au ya kahawia iliyoiva, na huyu alikuwa na macho ya rangi ya chungwa. Shingoni, nilipomfunua manyoya, nilikuta nyuzi chache za rangi ya shaba. Niliporudi sokoni kuuliza, muuzaji alisema ni jua. Jua kweli huunguza manyoya meusi yakageuka hudhurungi, lakini haliunguzi manyoya ya shingoni peke yake na kuyaacha ya mgongoni yakimetameta.

Manyoya hayo ya shaba yalimwokoa, nikumbuke kusema. Katika wiki ya kwanza watu wawili wasiofahamiana walipita kuuliza kama tunauza kuku mweusi, kwa bei ambayo haikuwa ya kitoweo, na kila mmoja aliyemfunua shingo alishukuru kwa adabu akaenda zake. Anayetafuta kuku mweusi wa shughuli anataka asiye na doa, na kwa ukaguzi wa sura sijaona mtaalamu anayemfikia.

Alama niliyoipa uzito kuliko zote ilikuwa chini ya mguu. Kuku mweusi mwenye miguu myeusi anaweza kuwa na ngozi nyeupe au ya njano chini ya weusi ule, na mahali pa kuisoma ni kwenye unyayo. Australorp ana unyayo mweupe wenye uwaridi. Jersey Giant wa Marekani, ambaye kwa mbali unaweza kuwachanganya, ana unyayo wa njano. Nilimpindua tetea wangu, nikamwosha matope: nyayo zilikuwa nyeupe. Nikamtangazia Shangazi kwamba muuzaji alisema kweli, macho na shaba ni kasoro ndogo, kuku wetu ni Malawi. Yeye alinijibu kwamba sawa, mwanangu, ila yai halisomi nyayo.

Mwishoni mwa Septemba tetea aliacha kutaga, akavimbisha manyoya na kung'ang'ania kiota. Shangazi akamtilia mayai 11. Kwa siku 21 alitoka mara moja kwa siku, akala, akanywa, akarudi, na baada ya hapo akawa na vifaranga wa kulea, hivyo hakutaga tena hadi Desemba. Ilikuwa mwezi huo, nilipomshika kumtoa mwiba, nilipoona nyayo zake zimekuwa za njano kama binzari.

Sikuwa nimekosea macho mwezi Juni. Kuku mwenye ngozi ya njano huipata rangi hiyo kwenye chakula, katika majani na mahindi ya njano, na anapotaga rangi hiyo huenda kwenye kiini cha yai. Mwili wake hupauka kwa utaratibu: kwanza sehemu ya kutagia, kisha pete ya jicho, kisha mdomo, na mwisho kabisa miguu, ambayo huweza kuchukua miezi kadhaa ya kutaga mfululizo. Akiacha kutaga, rangi hurudi kwa mpangilio ule ule. Tetea niliyemnunua alikuwa ametaga muda mrefu, akila pumba za mpunga na makombo ya ugali mweupe, vyakula ambavyo havina unjano wa kumrudishia. Likizo ya kulea, pamoja na mchicha wa Shangazi alioutafuna hadi shina, ndiyo iliyomwonyesha alivyo. Mtu anayetaka kusoma ngozi ya kuku asimsome akiwa katikati ya kutaga, na hilo nililijifunza nikiwa tayari nimeshatangaza hukumu.

Unjano huo ulikuwa na matokeo makubwa zaidi ya kumwondoa kwenye orodha ya Australorp halisi. Ngozi nyeupe inaitawala ngozi ya njano: kifaranga akipata weupe kutoka kwa mzazi mmoja tu, anakuwa mweupe. Ili tetea wangu awe wa njano, ilibidi baba na mama wote wampe unjano. Australorp halisi hana unjano wa kumpa mtoto, kwa hiyo hata baba yake au mama yake hakuwa Australorp halisi. Malawi alikuwa amekwisha, jina na nusu yake.

Nani basi huzaa kuku mweusi, mwenye shaba shingoni, macho ya chungwa, nyayo za njano na yai kubwa la kahawia? Kuna jibu moja linalokaa juu ya alama zote bila kulazimishwa. Wafugaji humkutanisha jogoo wa Rhode Island Red, mwekundu, na tetea wa Plymouth Rock mwenye mistari myeupe na myeusi, wote wa ngozi ya njano na mayai ya kahawia. Mistari ya Plymouth Rock hurithiwa kwa jinsia: mama huwapa wanawe wa kiume peke yao, nao majogoo hutoka na mistari, wakati mitamba hutoka weusi, wengi wakiwa na shaba shingoni. Faida yake ni kwamba vifaranga hutenganishwa siku ile ile wanayototolewa, kwa kuwa majogoo huwa na doa jeupe kichwani. Nilipolifikia jibu hili nikakumbuka kitu nilichokiona siku ya kwanza nikakidharau: ncha ya mdomo wake wa juu ni butu, fupi kuliko ya chini. Nilidhani ameivunja akichakura. Mashamba makubwa ya kuku wa mayai hukata ncha za midomo ili kuku wasidonoane, na hakuna mtu wa kijijini anayejisumbua kufanya hivyo. Kuku wangu aliwahi kufanya kazi shambani, akaachishwa, akatiwa kwenye tenga na kupewa uraia mpya Mgandini. Kuatamia kwake ndilo jambo pekee lililonishangaza, kwani kuku wa mashamba wamechaguliwa vizazi vingi wasiatamie, ingawa wapo wanaosahau masharti.

Nilimweleza Shangazi yote haya jioni moja barazani, kuanzia protoporfirini hadi nyayo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniita nimtazamie kifaranga mmoja kati ya wale tisa waliototolewa, ambaye alikuwa akimshangaza tangu alipotoka kwenye ganda. Alikuwa na shingo tupu, nyekundu, na kishada kidogo cha manyoya mbele yake. Mama yake ana manyoya shingoni. Jogoo wetu, mwekundu, ana manyoya ya kutosha kutengenezea mto. Ukishingo haujifichi kwenye damu. Mzazi akiwa nao, unaonekana, na kile kishada cha mbele ni dalili kwamba kifaranga ameupata kwa mzazi mmoja tu. Tetea huweza kutunza mbegu za jogoo kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo ziara moja inatosha mayai mengi. Nikamwambia Shangazi kwamba baba wa huyu ni kishingo, na kishingo wa karibu ni jogoo wa jirani yetu fundi baiskeli, anayeruka michongoma kila alfajiri.

Kesho yake Shangazi alimbeba kifaranga kwenye kanga akaenda kwa fundi. Fundi alifuta mikono grisi, akamtazama, akacheka, akasema, "Mama, shingo hiyo ni ya kwetu, siikatai." Shangazi akamwambia kama haikatai, basi amlipe pumba za tangu Oktoba.